Jaji Landis na Kiti Kisicho na Rufaa

Ukisikia jina la Kenesaw Mountain Landis utadhani ni la mlima, na hutakuwa umekosea. Baba yake, daktari wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alijeruhiwa mguu mwaka 1864 kwenye mapigano ya mlima huo, jimboni Georgia. Mtoto alipozaliwa Ohio mwaka 1866, akabebeshwa jina la pale baba alipoumia.

Shule haikumkaa sana. Aliacha sekondari, akafanya kazi ya kuandika mwenendo wa kesi mahakamani, ndipo baadaye akasoma sheria na kuhitimu Chicago mwaka 1891. Mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akamteua jaji wa mahakama ya shirikisho hapo hapo Chicago. Miaka miwili tu, akaitwanga kampuni ya mafuta ya Standard Oil faini ya zaidi ya dola milioni 29. Nchi nzima ikamjua. Mahakama ya rufaa ikaifuta. Mwaka 1919 akamfunga miaka 20 Victor Berger, mwanasiasa msoshalisti aliyepinga vita. Mahakama ya Juu nayo ikaitengua hukumu hiyo. Jamaa alikuwa mwepesi wa hukumu nzito, lakini juu yake palikuwa na watu wa kumsahihisha.

Halafu besiboli ikamhitaji. Wachezaji wanane wa Chicago White Sox walituhumiwa kula njama na wacheza kamari ili timu yao ifungwe na Cincinnati Reds katika fainali za mwaka 1919. Wenye timu wakaogopa mashabiki watahama. Novemba 1920 wakampa Landis ukamishna wa mchezo mzima, naye akataka mamlaka kamili. Wakakubali kutii kila uamuzi wake na kutompeleka mahakamani. Yaani yule yule aliyezoea kutenguliwa, sasa kapewa kiti kisicho na rufaa!

Agosti 2, 1921, baraza la wazee wa mahakama likawaona wachezaji hawana hatia. Kesho yake Landis akawafungia wote maisha. Tuwe wakweli, ukali huo ulisaidia kurudisha imani ya watu kwa mchezo. Lakini mmoja wao, Buck Weaver, alidaiwa kujua njama na kunyamaza tu, si kupokea pesa. Akaadhibiwa sawasawa na waliopokea. Aliomba kurudishwa mara kadhaa, akakataliwa, na mwaka 1956 akafa bado kafungiwa.

Sasa njoo kwa weusi. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwazuia, na mwaka 1942 Landis mwenyewe alitangaza hivyo. Ila katika miaka yake yote 24 ya ukamishna hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyecheza ligi kuu. Walibaki na ligi zao. Mtu aliyeweza kumsimamisha hata nyota Babe Ruth hapa hakugusa kitu. Alifariki Chicago Novemba 25, 1944. Hata mwaka haukuisha, Jackie Robinson akasajiliwa na timu ya Brooklyn Dodgers, na mwaka 1947 akaingia uwanjani. Mwaka 2020 waandishi wa besiboli wakaliondoa jina la Landis kwenye tuzo ya mchezaji bora.

Kwa nini namwandika kamishna wa mchezo ambao wengi wetu hatujawahi hata kuushika mpira wake? Kwa sababu sisi wa ualimu tunakaribia kukabidhiwa kiti kinachofanana na chake. Darasani mwalimu ndiye mlalamikaji, shahidi na hakimu. Anaweza kumwadhibu aliyeiba mtihani na aliyeona akanyamaza kwa fimbo moja. Anaweza pia kukaa mwaka mzima bila kumuuliza swali mtoto wa nyuma kabisa, na hakuna kanuni atakayokuwa amevunja.

Mimi nikipewa darasa langu, nataka mtoto niliyemwadhibu awe na mtu wa pili wa kumsikiliza, hata kama huyo wa pili atanitengua.