Maisha ya Muljibhai Madhvani, Aliyetia Sukari katika Chai Yetu

Kila muhula unapoanza mimi hutoka kwetu Mbale kwa basi kuja shuleni hapa Jinja. Tunapita Tirinyi, tunafika Iganga, na baada ya Iganga, tukikaribia Kakira, miwa inaanza kuonekana pande zote mbili za barabara, mirefu kupita kimo cha mtu. Miaka mingi nilipita hapo bila kujiuliza ni nani aliyeipanda. Siku hizi najua, nami nataka kuwaeleza habari zake.

Lakini kwanza yanipasa kukiri jambo moja. Mwaka jana tulikuwa na mdahalo hapa shuleni juu ya wafanya biashara wageni, kama walileta faida au hasara katika nchi yetu. Mimi nilikuwa upande wa hasara. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba watu kama Madhvani walikuja mikono mitupu wakajitajirisha kwa jasho letu, basi. Nikapigiwa makofi mengi. Nilipokwenda likizo nikamweleza bibi yangu, mama wa baba, jinsi nilivyoshinda. Bibi hakunisifu. Aliendelea kukoroga chai yake, kisha akanieleza habari ya miaka ambayo hakuwa na kitu cha kukoroga. Habari hiyo nitaisimulia mahali pake. Ndiyo iliyonifanya nitafute maisha ya mtu huyu.

Muljibhai Madhvani alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Aashiapat, upande wa Gujarat, Bara Hindi. Jina lake hasa ni Mulji. Hilo neno bhai, kwa lugha yao, maana yake ni ndugu. Jamaa zake, akina Vithaldas Haridas, walikuwa wametangulia Afrika, na walikuwa na duka Iganga. Basi mwaka 1908, Mulji akiwa na umri wa miaka 14, aliwafuata. Siku zile msafiri alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka Kisumu, kisha akavuka Ziwa kwa meli mpaka Jinja. Wanafunzi wa darasa la kwanza hapa kwetu wana umri kama huo, na wengine hulia usiku kwa kukumbuka nyumbani, ingawa nyumbani ni Kamuli tu.

Nchi aliyoifikia ilikuwa na msiba. Tangu mwanzo wa karne ile ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu zaidi ya laki mbili katika Uganda, na Busoga iliumia kuliko sehemu nyingi. Serikali iliwahamisha watu waliosalia kando ya Ziwa, na vijiji vikageuka msitu. Walakini ndani ya nchi watu walikuwa wameanza kulima pamba, na mwenye pamba alipata fedha ya kununulia nguo, chumvi, kiberiti na mafuta ya taa. Hapo ndipo mwenye duka alipopata riziki yake.

Mulji alijifunza kazi ya duka huko Iganga na Kaliro. Duka la namna ile lilikuwa shule kali. Mteja haji kununua gunia; huja na senti zake akataka chumvi kidogo iliyofungwa katika karatasi. Mwenye duka asiyejua lugha ya watu hauzi, na asiyejua kuhesabu anafilisika. Baadaye kijana huyu alihamia Jinja kuangalia duka la huko. Kadiri pamba ilivyozidi, jamaa hao waliingia pia katika biashara ya vinu vya kuchambulia pamba. Na wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikifikia mwisho wake, walijipatia ardhi mahali paitwapo Kakira, mashariki ya Jinja.

Hapa naomba niache barabara kidogo niseme juu ya chai, maana bila chai habari ya Kakira haieleweki.

Wa kwanza kunywa chai walikuwa Wachina, nao mpaka leo wengi wao huinywa bila maziwa na bila sukari. Wajapani nao vilevile. Warusi wa zamani walikuwa wakibana kipande cha sukari katika meno na kupitishia chai juu yake. Watu wa Moroko hutia majani ya nanaa na sukari nyingi. Waingereza walianza kunywa chai katika karne ya 17, na wao ndio walioizoesha sukari mpaka ikawa chakula cha maskini wa viwandani. Lakini sukari yao ililimwa na watumwa waliotekwa Afrika na kupelekwa visiwa vya Karibea. Mwaka 1791 watu wengi huko Uingereza walikataa kuila sukari hiyo kwa sababu ya dhambi iliyokuwa ndani yake. Baadaye Waingereza wakapanda chai Assam, na Wahindi wakaichemsha kwa namna yao: majani, maziwa, sukari, na tangawizi au iliki, vyote katika sufuria moja. Namna hiyo ndiyo iliyokuja huku kwetu. Hata maneno yenyewe yamesafiri. Chai ni neno lililotoka Uchina, na sukari tumelipata kwa Waarabu, ambao nao walilipata mashariki kwao.

Miche ya chai ilipandwa Entebbe mwaka 1900, na baadaye mashamba makubwa yakaanza magharibi ya nchi. Miwa ilikuwapo Uganda tangu zamani, lakini ilikuwa ya kutafunwa. Sukari nyeupe ilikuwa ikitoka mbali, kwa hiyo ilikuwa ghali, nayo chai ilikuwa kitu cha misioni, cha ofisi na cha wenye mali. Yaani mtu wa kawaida alikosa utamu, si majani.

Wa kwanza kufungua kiwanda cha sukari katika Uganda alikuwa Nanji Kalidas Mehta, huko Lugazi, mwaka 1924. Muljibhai alifuata, na kiwanda cha Kakira kilianza kazi mwaka 1930. Huo haukuwa mwaka wa bahati. Dunia nzima ilikuwa imeingia katika dhiki ya biashara, na bei za mazao zilikuwa zimeanguka. Tena kiwanda cha sukari si duka, ambalo ukiona hasara unafunga mlango. Miwa huchukua mwaka na nusu hivi kukomaa, na ikisha kukatwa haingoji. Usipoikamua upesi utamu wake unapotea. Kwa hiyo ni lazima shamba, njia na mashine viende pamoja kama moyo na mapafu. Kakira ilijengwa reli nyembamba za kuleta miwa kiwandani. Huko miwa husagwa, maji yake hutiwa chokaa ili uchafu ujitenge, kisha huchemshwa mpaka chembe za sukari zitokee. Makapi yake huchomwa ili kuendesha kiwanda kile kile. Ukitaka kujua tabia ya Muljibhai, itazame kazi hii. Yule kijana aliyepima chumvi ya senti moja alikuwa amejifunza kutotupa kitu.

Kwa bahati njema reli nayo ilikuwa ikifika. Kufikia mwaka 1931 gari la moshi liliweza kutoka Mombasa, kupita Tororo na Jinja, mpaka Kampala. Sukari ikasafiri, ikafika katika kila duka dogo. Kwetu Mbale, ambako watu wa milimani hulima kahawa nzuri ya kupeleka nchi za mbali, wenyewe walianza kunywa chai, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Sukari ikaingia katika desturi zetu. Mtu akienda kwa wakwe zake hachukui maua, huchukua sukari. Tukienda msibani, tunabeba sukari.

Lakini nisisahau upande wa pili, nisije nikafanya kosa la mdahalo kwa kuligeuza tu. Miwa haikatwi na mwenye mali. Babu yangu, Mungu amlaze pema, alipata kukata miwa ujanani mwake katika shamba moja ambalo si lazima nilitaje. Alitueleza kwamba majani ya muwa hukata ngozi kama wembe, kwamba jua la saa sita halina huruma, na kwamba kazi hupimwa kwa mistari. Usipomaliza mstari wako, siku yako haihesabiwi. Katika mashamba ya miwa ya nchi hii vibarua wengi walitoka mbali, West Nile, Acholi na hata Rwanda, wakiwaacha wake na watoto. Mshahara wa mkata miwa siku zile ulikuwa mdogo. Watu wa lugha nyingi vile walihitaji lugha moja, nayo ilikuwa Kiswahili. Babu alikijifunza huko shambani, akamfundisha baba, na baba akanifundisha mimi. Kwa hiyo hata makala hii ina deni kwa miwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili jamaa wale waligawana mali, na Kakira ikawa ya Muljibhai. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa tajiri mkubwa. Mji ulikuwa umekua kando ya kiwanda, wenye nyumba, shule na hospitali. Alijali elimu sana, na chuo cha Wairaka, ambacho wengi wetu tumekwenda kucheza mpira nacho, kina jina lake mpaka leo. Alifariki mwaka 1958, akiwa na miaka 64, nusu karne baada ya kufika hapa akiwa mtoto. Wanawe, Jayant na ndugu zake, waliendeleza kazi, wakaongeza viwanda vingine, na mwaka 1962 ukaanzishwa mfuko wenye jina la baba yao wa kuwasomesha vijana wa Uganda. Familia yake ilipata pia shamba la majani ya chai huko Mwera, upande wa Mityana. Hivyo majani na sukari vikakutana katika nyumba moja.

Jayant alifariki mwaka 1971. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, akawapa siku 90. Manubhai, mwana mwingine wa Muljibhai, alitiwa gerezani Makindye kabla ya kuondoka. Viwanda wakapewa watu wengine. Mashine zikaharibika, hapakuwa na vipuri, na miwa ikamezwa na magugu.

Sasa narudi kwa bibi yangu. Alikuwa ameolewa karibuni tu. Anasema kwamba mwanzoni watu walishangilia, hata yeye. Kisha sukari ikaanza kupungua, ikawa ya kupanga foleni tangu alfajiri, na mara nyingi mtu alifika mbele akaambiwa imekwisha. Mwisho ikawa ya magendo, kwa bei isiyosemeka. Walikunywa chai kavu, na siku njema waliramba kipande cha sukari guru huku wakiinywa. Bibi alikuwa na sukari kidogo katika kopo, ameificha juu ya dari kwa ajili ya mgonjwa au mgeni mkubwa. Mtoto wake wa kwanza alipoharisha vibaya, yeye na babu walilifungua lile kopo ili wamchanganyie maji ya chumvi na sukari, wakakuta sisimizi wamelimaliza. Mtoto yule alipona, Mungu ni mwema. Ndiye baba yangu. Lakini bibi hajasahau usiku ule.

Hakuniambia kwamba Wahindi walikuwa malaika. Alinikumbusha kwamba babu alikata miwa, na kwamba mgongo wa babu alikuwa akiukanda yeye. Aliniambia tu kwamba kopo lile halikujazwa na makofi.

Familia ya Madhvani ilirudi mwaka 1985, wakaanza kufufua Kakira pamoja na serikali. Leo maelfu ya wakulima wa Busoga hulima miwa yao wenyewe na kuiuza kiwandani, na yale makapi, ambayo mzee alikataa kuyatupa, hutoa umeme unaotumika hata nje ya kiwanda. Wapo wanaonung'unika, na si bila sababu, kwamba miwa imekula mashamba ya chakula. Nao madaktari siku hizi wanatuonya tupunguze sukari. Hata bibi ameambiwa atie kijiko kimoja. Yeye hutia kimoja, lakini hukijaza mpaka kinamwagika.

Basi, ndugu zangu, nimejifunza nini? Nilipokuwa mbele ya mdahalo nilifikiri kwamba kuheshimu jasho la babu yangu ni lazima kumdharau Muljibhai. Sasa naona kwamba kikombe kimoja kina watu wengi. Kina mtoto wa miaka 14 aliyevuka bahari, na kina babu mwenye panga juani. Ukimtoa wa kwanza, miwa inaota magugu. Ukimtoa wa pili, inakauka shambani. Lililo gumu ni kugawa utamu kwa haki kati yao, na kazi hiyo haijakwisha. Imeachwa kwetu.

Muhula ujao mdahalo utarudiwa. Nimeomba nipewe nafasi ya kusema tena, na safari hii sitaki kwanza kujua niko upande gani.