Barghash bin Said

Sayyid Barghash bin Said Al-Busaidi (takriban 1837 – Machi 1888) alikuwa Sultani wa pili wa Zanzibar. Alitawala tangu Oktoba 1870 hadi alipofariki, akimfuata kaka yake Majid bin Said na kufuatiwa na mdogo wake Khalifa bin Said.

Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili. La kwanza ni kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. La pili ni mitambo ya karne ya 19 iliyoingia Unguja katika enzi yake: meli za mvuke, reli, mashine ya kupigia chapa, simu ya waya na maji ya mfereji. Baadhi ya vitu hivyo alivifanya kwa matumizi yake mwenyewe, vingine vilitumiwa na watu wote, na tofauti hiyo ilichangia sana kuamua kipi kingedumu baada yake.

Maisha ya awali

Barghash alizaliwa Unguja. Baba yake alikuwa Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, na mama yake alikuwa Mhabeshi. Mwaka 1856 Said bin Sultan alifariki baharini akirudi kutoka Omani, na Barghash alikuwa pamoja naye katika safari hiyo. Alipofika Unguja alijaribu kushika madaraka, lakini Majid ndiye aliyetambuliwa kuwa mtawala.

Mwaka 1859 Barghash aliongoza uasi dhidi ya Majid. Dada zake Khole na Salme walimsaidia. Salme, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alikuwa bado msichana mdogo, lakini alikuwa amejifundisha kuandika, na kwa sababu hiyo alifanya kazi ya kuandika barua za waasi. Nyumba ya Barghash mjini ilipozingirwa, alitoroka akiwa amejifunika nguo za kike na kwenda shambani Marseille. Uasi ulishindwa baada ya Waingereza kumsaidia Majid kwa askari wa majini. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, Uhindi, akakaa huko takriban miaka miwili.

Bombay ya wakati ule ilikuwa mji wenye mitambo mingi. Reli yake ilikuwa imefunguliwa mwaka 1853, na mwaka 1860, Barghash akiwa bado huko, ulikamilika mradi wa kuleta maji ya bomba mjini kutoka ziwa la Vihar. Zanzibar haikuwa na kimojawapo cha vitu hivyo.

Kushika utawala

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akawa Sultani. Nchi aliyoirithi ilikuwa na matatizo makubwa. Ugonjwa wa kipindupindu ulikuwa umepita mwaka 1869 na 1870 na kuua maelfu ya watu. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha vyombo vingi bandarini, zikiwemo meli za Sultani.

Mwaka uliofuata Uingereza ilimtaka afunge biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alikataa kwanza, kwa kuwa mashamba ya karafuu na mapato ya wakubwa wengi yalitegemea kazi ya watumwa. Alipotishiwa kwamba kisiwa kingezingirwa na manowari, alitia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873, baada ya mazungumzo na balozi John Kirk. Soko la watumwa lilifungwa, na mahali pake Mkunazini pakajengwa Kanisa Kuu la Anglikana. Hata hivyo utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Zanzibar hadi mwaka 1897. Kwa hiyo fedha zilizonunua mitambo ya Sultani zilitoka katika forodha, pembe za ndovu na karafuu, na sehemu ya mali hiyo ilitokana na jasho la watumwa.

Safari ya Ulaya

Mwaka 1875 Barghash alikwenda Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria na kutembezwa katika miji na viwanda. Alipita pia Ufaransa na Misri. Habari za safari hiyo ziliandikwa katika kitabu cha Kiarabu kilichopigwa chapa London. Aliporudi alianza kuagiza vitu vingi alivyohitaji kwa ajili ya mji na majumba yake.

Meli

Barghash alinunua meli kadhaa za mvuke. Zilichukua abiria na shehena, hasa kati ya Zanzibar na Bombay. Faida ya meli ya mvuke ilikuwa kubwa kuliko mwendo tu. Jahazi lilisubiri kaskazi ili lije Unguja na kusi ili lirudi Uhindi au Uarabuni, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi ilichukua sehemu kubwa ya mwaka. Meli ya mvuke haikungoja upepo.

Meli mashuhuri zaidi ilikuwa Glasgow. Ilijengwa Uskoti mwaka 1878 na kiwanda cha William Denny na Ndugu, kwa mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilo hilo, kwa kuwa Sultani alitaka chombo cha namna ile. Hata hivyo haikumridhisha, ikakaa muda mrefu imetia nanga mbele ya mji. Tarehe 27 Agosti 1896, miaka minane baada ya kifo chake, ilizamishwa na manowari za Waingereza katika vita fupi kati ya Uingereza na Zanzibar. Milingoti yake ilionekana juu ya maji bandarini kwa miaka mingi.

Reli

Karibu na mwaka 1880 Barghash alijenga reli nyembamba kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani, kusini mwa mji. Reli hiyo inahesabiwa kuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 akanunua kichwa kidogo cha treni kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Ilikuwa reli ya mtu mmoja: ilikwenda alikotaka kwenda mwenyewe. Alipofariki mwaka 1888 haikuwa na kazi tena, ikang'olewa. Isichanganywe na reli ya Bububu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Beit al-Ajaib

Mwaka 1883 Barghash alijenga Beit al-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu, kwa ajili ya sherehe na mapokezi ya serikali. Mafundi walichanganya ujenzi wa pwani na wa kigeni: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na baraza pana zilizobebwa na nguzo ndefu za chuma kutoka ng'ambo. Milango mikubwa ilinakshiwa kwa maandishi ya Kiarabu. Baadaye jengo hilo lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na likawekwa lifti.

Jengo lilipangwa kufuata desturi za wenyewe. Liliunganishwa na majumba ya jirani, Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, kwa njia zilizopita juu, ili wanawake wa jamaa ya Sultani wapite bila kuonekana na watu wa barabarani. Mbele yake palikuwa na mnara wa taa na saa. Mnara huo na Beit al-Hukm viliharibiwa katika vita vya 1896, ndipo mnara wa saa ukajengwa upya ukiwa sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jengo, pamoja na mnara huo, iliporomoka na kuua watu wawili.

Mashine ya chapa na simu ya waya

Karibu na mwaka 1880 Barghash alianzisha kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vya Kiarabu, hasa vya elimu ya dini ya madhehebu ya Ibadhi. Kabla ya hapo kitabu cha namna hiyo kilinakiliwa kwa mkono, na msomi asiyekuwa na nakala alilazimika kusafiri kuitafuta. Kwa chapa, kitabu kimoja kiliweza kufika Unguja, Omani na Afrika Kaskazini.

Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden, na kwa upande wa kusini Msumbiji na Durban. Waya ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza. Habari iliyokuwa ikichukua wiki kadhaa kufika Ulaya sasa ilifika kwa muda mfupi. Mwaka 1885 Ujerumani ilipotangaza ulinzi wake juu ya sehemu za bara, Barghash alipeleka malalamiko kwa mfalme mkuu wa Ujerumani kwa njia hiyo hiyo. Malalamiko yalifika upesi, lakini hayakubadilisha kitu. Agosti mwaka huo manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, na dada yake Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani, alikuja pamoja nazo. Barghash hakukubali kuonana naye. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10 tu.

Maji ya mfereji

Kazi iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi ilikuwa ya maji. Hadi wakati wake watu wa mjini walitegemea visima, na vingi vilikuwa karibu na vyoo na makaburi. Ndiyo sababu mojawapo ya kipindupindu kuua watu wengi namna ile. Katika miaka ya 1880 Barghash aligharimia njia ya kuleta maji safi kutoka chemchemi za kaskazini mwa mji, upande wa Bububu. Maji yalifuata mteremko hadi mjini, na watu waliyateka bila malipo. Alijenga pia hamamu ya umma, ambayo imeipa mtaa wa Hamamni jina lake. Mabafu hayo yalitumika hadi karibu na mwaka 1920.

Kifo na urithi

Barghash aliugua kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa 1888 alikwenda Omani kutafuta nafuu, akafariki Machi mwaka huo mara tu aliporudi Unguja.

Vitu alivyovifanya kwa ajili yake peke yake havikuishi sana. Reli iling'olewa, Glasgow ilizamishwa, na jumba lake la Marahubi, lililojengwa karibu na 1882, liliungua mwaka 1899 likabaki nguzo na mabirika ya maji. Chemchemi za Bububu, kinyume chake, ziliendelea kutegemewa. Mji ulipopanuka upande wa Ng'ambo, na majumba marefu ya Michenzani yakajengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, suala la maji lilibaki lile lile: nani anayapata, na nani anautunza mtambo wake.

Mwanafunzi wa leo anakutana na suala hilo katika kompyuta. Programu huria, kama Linux, ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha kwa mahitaji yake na kumpa mwenzake. Mwanzilishi wake akiondoka, wengine wanaweza kuiendeleza. Mtambo unaomtegemea mwenyewe au kampuni ya mbali uko katika hatari ya kusimama anapoondoka. Historia ya Barghash inaonyesha hatari hiyo kwa mifano ya chuma na mawe: treni iliyokuwa ya mtu mmoja iliondoka naye, na maji yaliyokuwa ya wote yakabaki.