APOLO KIVEBULAYA, MTUMISHI ALIYEKUJA NA JEMBE

Leo tunawakumbusha maisha ya mtumishi mmoja ambaye hakuwa wa kanisa letu, lakini alilitumikia Neno kaskazini mwa hapa kwetu, huko Boga katika Ituri.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu na mwaka wa 1864. Katika ujana wake alikuwa Mwislamu na askari. Baadaye akaamini, akabatizwa mwaka wa 1895, na kanisa la Anglikana likamtuma Toro. Mwaka wa 1896 akavuka kuja Boga.

Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamerudi, kwa sababu wenyeji walikataa kuwapa chakula. Apolo alisikia habari hiyo, lakini hakukataa safari. Alinunua jembe, akalibeba. Basi alifika akiwa tayari kulima chakula chake mwenyewe, asimlemee mtu yeyote.

Mwami Tabaro hakumpokea vizuri. Tena siku moja watu walipokuwa wakikusanya vifaa vya kujenga kanisa, dada yake mwami alichomwa na mkuki uliokuwa katika majani, akafa. Apolo akasingiziwa, akafungwa, akapelekwa gerezani Toro. Katika siku hizo za mateso Bwana alimtokea katika maono, akamtia nguvu. Alipofunguliwa alirudi kwa watu walewale. Mwishowe mwami mwenyewe akaamini, akabatizwa.

Apolo akawa shemasi mwaka wa 1900, akawa padri mwaka wa 1903, na mwaka wa 1922 akapewa heshima ya kanoni wa Namirembe. Vyeo hivyo havikumfanya tajiri. Hakuwa na mke, kwa maana mchumba wake alikufa naye hakutafuta mwingine. Lakini nyumba yake ilijaa watoto na vijana aliowalea na kuwafundisha, na kidogo alichopata alikula pamoja nao. Aliingia hata msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na wengi, na Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao. Ndiyo Injili ile yenye habari za mjane na sarafu zake mbili (Marko 12:41-44).

Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu wa Kongo, ambako kazi ilikuwa bado. Hata kaburi lake alilitoa kwa ajili ya Injili.

Ndugu na dada, tangu vita vilipofika Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, kikapu cha matoleo kimekuwa chepesi. Hatumlaumu mtu. Tunajua mashamba yaliyoachwa, na tunajua nyumba zilizopokea wakimbizi. Lakini sisi mashemasi tunakiri kosa letu. Katika daftari letu tuliandika franka tu. Mama aliyeleta kibakuli cha maharagwe, hatukumwandika. Kijana aliyelima shamba la mjane tangu asubuhi mpaka jua kali, hatukumwandika. Hivyo wengine waliona haya, wakabaki nyumbani siku ya Bwana, wakidhani asiye na feza hana sadaka.

Apolo alianza na jembe. Mwenye feza alete feza, asijifiche nyuma ya maskini. Mwenye mikono alete mikono. Nasi mashemasi tuandike vyote kwa uaminifu, tena tusomee kanisa hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, maana mali si yetu, sisi ni watunzaji tu.

Anayebaki nyumbani kwa haya, mwambieni arudi. Mahali pake pangali wazi. Mungu awabariki. Amina.