George Westinghouse, mvumbuzi wa breki za upepo

Mabasi makubwa yanayopita Jogoo Road kuelekea Buruburu na Umoja hufoka upepo kila yanaposimama. Mlio huo ni urithi wa George Westinghouse, Mwamerika aliyezaliwa jimboni New York mnamo Oktoba 6, 1846.

Enzi za ujana wake, treni zilisimamishwa na vibarua waliorukaruka juu ya mabehewa wakikaza breki moja moja kwa mikono. Wengi walianguka wakafa. Mwaka wa 1869, akiwa na umri wa miaka 22, Westinghouse alipata hataza ya breki za upepo.

Hata hivyo, mtambo huo wa kwanza ulikuwa na kasoro ya kutisha: upepo uliposafiri bombani ndipo breki zilipokaza, hivyo bomba likipasuka treni ilibaki bila breki. Marekebisho yake ya 1872 yanastahili sifa kuliko uvumbuzi wenyewe. Kila behewa lilipewa tangi lake, na upepo wa bomba kuu ulipovuja, breki zilijikaza zenyewe.

Malori na mabasi ya leo yamerithi wazo hilo kwa njia ya springi nzito inayobanwa na upepo. Upepo ukipungua mno, springi hufyatuka na kuyafunga magurudumu. Ndiyo sababu dereva makini husubiri geji ipande kabla ya kuondoka stejini, hata abiria wakinung'unika.

Msukosuko wa kifedha wa 1907 ulimpokonya Westinghouse usimamizi wa kampuni yake ya umeme. Alifariki Machi 12, 1914, akazikwa Arlington.