WAKILI ALIYEKATAA KUPUNJWA: MAISHA YA ARGWINGS-KODHEK

Wengi hupenda kusoma habari za wachezaji mpira na waimbaji. Mimi nimeonelea niwaletee maisha ya wakili. Najua wengine mtakunja uso, manake kwetu wakili ni mtu wa suti na maneno marefu tu. Ngojeni kwanza niwaeleze kilichonifanya nimtafute.

Likizo ya Agosti nilimsindikiza nyanya kortini hapa Voi. Kesi yake ilikuwa ya mpaka wa shamba, yaani kesi ya madai wala si ya jinai. Katika kesi ya jinai serikali ndiyo inayoshtaki, na mtu anaweza kufungwa. Katika kesi ya madai mtu humdai mwenzake haki yake, iwe ni ardhi, deni au fidia. Upande wa pili ulikuja na wakili. Nyanya alikuja na mimi, pamoja na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi kuukuu. Alipopewa nafasi aseme, alianza kueleza habari za mwembe alioupanda babu pale mpakani. Wakili yule aliuliza nambari ya hati na tarehe. Nyanya akanitazama mimi. Nami nilijua nini? Kesi iliahirishwa, na nyanya hakusema neno hadi tulipofika steji ya matatu za Wundanyi.

Siku hiyo nilijiuliza: hapa Kenya, Mwafrika wa kwanza kusimama kortini akiwa wakili alikuwa nani? Nilimsumbua mwalimu wa Historia, nikasumbua na maktaba, hadi nikampata. Jina lake ni Clement Michael George Argwings-Kodhek.

Alizaliwa mwaka wa 1923 huko Gem, Nyanza. Alisoma katika shule ya misheni ya St. Mary's Yala, kisha akaenda Makerere nchini Uganda. Aliporudi alifanya kazi ya ualimu. Mwaka wa 1947 alipata msaada wa masomo wa kwenda Cardiff, Uingereza, akasomee mambo ya jamii. Serikali ya kikoloni haikufurahia Waafrika kusomea sheria, kwa sababu mtu anayejua sheria si rahisi kumtisha. Lakini wapi! Kijana wa Gem aliingia kwenye sheria vilevile, na mwaka wa 1951 akapokewa kuwa wakili pale Lincoln's Inn mjini London. Hivyo ndivyo Kenya ilivyompata wakili wake wa kwanza Mwafrika.

Alirudi nyumbani akiwa na mkewe Mavis, Mzungu kutoka Ireland. Nairobi ya siku hizo iligawanywa kwa rangi ya ngozi: mitaa ya Wazungu mbali, ya Wahindi mbali, na ya Waafrika mbali. Nyumba yenye mume mweusi na mke mweupe haikuwa na mahali pake. Halafu likaja suala la kazi. Alipewa nafasi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ila mshahara ulikuwa chini ya ule wa Mzungu anayefanya kazi iyo hiyo. Wengi wetu tungesema heri nusu shari kuliko shari kamili, tukachukua. Yeye alikataa katakata, akafungua ofisi yake mwenyewe.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Kupatikana na risasi tu kukawa kosa la kunyongwa. Zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa katika vita vya Mau Mau. Mawakili waliokubali kuwatetea washtakiwa hao walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa Wahindi, kama A. R. Kapila na Fitz de Souza. Argwings-Kodhek alijiunga nao. Watu wakamwita wakili wa Mau Mau. Jina hilo kwa Wazungu lilikuwa tusi, lakini kwa jamaa za washtakiwa lilikuwa tumaini.

Sasa hebu tuje kwetu. Ukitoka hapa Voi kwa barabara ya Nairobi utapita Manyani. Wengi wetu tukipita pale tunaangalia ndovu. Lakini baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, maelfu ya watu waliletwa Manyani wakazuiliwa ndani ya seng'enge, na homa ya matumbo ikawaua wengine mwaka huohuo. Wengi wao hawakupelekwa mbele ya hakimu hata siku moja. Hapo ndipo nilipoelewa jambo. Mshtakiwa aliyefika kortini angalau aliweza kusemewa na wakili. Aliyezuiliwa Manyani hakuwa na kesi, na pasipo kesi wakili hana pa kusimama.

Na kabla ya hapo, mwaka wa 1940, serikali ilipiga marufuku Taita Hills Association, chama cha Wadawida kilicholilia ardhi. Wazee wetu walikuwa na hoja, ila wakati huo hapakuwa na wakili Mwafrika hata mmoja nchini. Nilipolisoma hilo niliikumbuka bahasha ya nyanya.

Argwings-Kodhek aliingia pia katika siasa. Mwaka wa 1955 serikali iliruhusu vyama vya Waafrika, mradi viwe vya wilaya tu. Alitaka chama cha nchi nzima, akanyimwa, basi akaongoza Nairobi District African Congress. Katika uchaguzi wa 1957 alishindwa na kijana Tom Mboya. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1963 alichaguliwa mbunge wa Gem, na baadaye akawa waziri wa mambo ya nje. Tarehe 29 Januari 1969 alifariki katika ajali ya barabara Nairobi. Hakuwa ametimiza hata miaka 46. Barabara moja karibu na Hurlingham inaitwa kwa jina lake, na kila siku watu huitaja wakiteremka matatu bila kujua alikuwa nani.

Wenzangu, mimi sisemi sote tuwe mawakili. Ninalosema ni kwamba yeye alikubali kukosa mshahara mnono ili asijidharau, kisha akatumia elimu yake kuwasemea wale walioogopwa na wengine. Siku hizi kuna sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka wa 2016, inayolenga kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Sisi hatukuijua mpaka nilipoanza kuandika makala haya.

Kesi ya nyanya bado haijaisha. Zile karatasi nimezipanga kwa tarehe, moja baada ya nyingine, na Jumatatu ya likizo tutakwenda kuuliza habari za msaada huo. Safari hii akinitazama, angalau nitakuwa na la kumjibu.