Gregor Mendel, mwalimu aliyehesabu njegere

Wengi wetu tulikuta jina la Mendel huko humanité. Mwalimu aliandika ubaoni herufi A kubwa na a ndogo, tukakopia kwenye kaye, tukafanya mtihani, kisha tukasahau. Yule mtu mwenyewe hatukumjua. Leo tusimulie maisha yake, juu yeye pia alikuwa mwalimu, tena mwalimu asiye na diploma.

Johann Mendel alizaliwa mwezi wa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, upande ambao leo ni nchi ya Cheki. Wazazi wake walikuwa walimaji. Baba alipoumizwa na mti kazini, franga za masomo zikakosekana, na kijana akagonjwa mara nyingi juu ya njaa. Dada yake mdogo, Theresia, akatoa sehemu ya mali ambayo kwa desturi ya kule msichana anaenda nayo kwa bwana yake, ili yaya yake asome. Mendel hakulisahau deni lile: baadaye alisomesha watoto wa Theresia.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Mtakatifu Toma mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Alipata upadri mwaka 1847, lakini kutembelea wagonjwa kulimshinda: akiona mtu anateseka, yeye pia anagonjwa. Mkubwa wake, abate Napp, akamtuma kufundisha. Mwaka 1850 akafanya mtihani wa ualimu, akaanguka. Wakamtuma Chuo Kikuu cha Vienna miaka 2. Mwaka 1856 akajaribu tena, akashindwa tena. Basi miaka 14 alifundisha fizika na elimu ya viumbe mjini Brno kama mwalimu wa kushika nafasi tu, na wanafunzi walimpenda.

Lakini ni mwaka ule ule wa 1856 alianza kazi yake kubwa katika bustani ya monasteri. Alifungua ua changa la njegere, akaondoa sehemu za kiume, akapaka chavua ya njegere ya aina nyingine, kisha akalifunika kwa kifuko ili wadudu wasilete chavua nyingine. Alichanganya njegere za mviringo na zile zenye makunyanzi. Watoto wote wakatoka mviringo. Makunyanzi yamepotea? Akapanda hao watoto, akavuna mbegu 7.324, akazihesabu moja moja: mviringo 5.474, makunyanzi 1.850. Karibu 3 kwa 1. Kumbe makunyanzi hayakupotea, yalijificha.

Miaka 8, mimea karibu 28.000, na hesabu ilirudi vile vile. Mendel akaelewa kwamba kila mzazi ana vitu viwili kwa kila tabia, na anampa mtoto kimoja tu, ndani ya seli moja ya chavua au seli moja ya yai.

Mwaka 1865 aliwaeleza wenye elimu wa Brno, na mwaka 1866 maandishi yakatoka. Karibu hakuna aliyeshika maana yake. Mwaka 1868 akawa abate, na miaka yake ya mwisho ikaliwa na ugomvi na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alikufa tarehe 6 Januari 1884, na karatasi zake nyingi zikachomwa. Ni mwaka 1900 tu ambapo wataalamu de Vries, Correns na Tschermak walifikia hesabu ile ile, wakakuta padri mmoja amewatangulia.

Hii yote inatuhusu nini? Kwetu Congo kuna nyumba nyingi zenye mtoto wa SS, ile drepanositozi. Baba mzima, mama mzima, mtoto anagonjwa. Hapo maneno yanaanza: mama ametoa wapi ugonjwa huu, nani ameroga?

Walimu, chukueni vikombe viwili, kimoja baba, kingine mama. Katika kila kikombe mtieni haragi moja na hindi moja. Mwanafunzi afumbe macho, atoe mbegu moja kila upande: huyo ni mtoto. Aandike, arudishe mbegu, arudilie mara 100. Mahindi mawili pamoja, yaani SS, yatatokea karibu mara 25. Na watoto wataona jambo ambalo ubao hauonyeshi: hindi moja lilitoka kwa baba, moja kwa mama, na kila mara mbegu zinarudi kikombeni. Mtoto wa kwanza akiwa SS, wa pili hajalindwa, wala hajahukumiwa.

Hakuna mchawi ndani ya kikombe, wala kosa la mama. Ndiyo maana tunasema wachumba wapime damu mbele ya ndoa. Mendel hakuwa na diploma wala laboratwari kubwa. Alikuwa na mbegu, mikono, na uvumilivu wa kuhesabu. Mbegu kwetu ziko.