B. C. Forbes (1880–1954): Mwana wa Mwenye Duka Aliyehesabu Mali ya Wakwasi

Kila mwaka magazeti yanapochapisha orodha ya mabilionea wa dunia, jina la Forbes hutajwa kana kwamba ni jina la mizani. Wengi hulijua kuwa ni jina la jarida. Si wengi wanaokumbuka kwamba lilikuwa kwanza jina la mtu, tena mtu aliyezaliwa katika nyumba isiyokuwa na mali ya kuhesabiwa. Wasifu huu unamhusu Bertie Charles Forbes, mwandishi wa habari kutoka Uskoti aliyeliasisi jarida hilo mjini New York. Swali linalotushughulisha ni hili: mtu huyu aliyewahesabia wengine mali, alikuwa akihesabu nini hasa?

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1880 huko New Deer, katika jimbo la Aberdeenshire, akiwa mmoja wa watoto kumi. Babake alikuwa mshonaji nguo mwenye duka dogo la kijijini. Shule haikumkawisha sana. Akiwa kijana mdogo alijifunza hati mkato, kisha akatafuta kazi katika mtambo wa kuchapishia gazeti la mji wa karibu. Yasimuliwa kwamba aliiomba kazi hiyo kwa kulielewa vibaya jina lake. Kwa Kiingereza, anayepanga herufi za risasi tayari kwa uchapaji huitwa kwa neno lililo jirani mno na lile la mtungaji, na kijana Bertie akadhani kwamba ameajiriwa kutunga makala. Alipofika akakabidhiwa visanduku vya herufi. Sisi tunaosoma lugha tunajua jinsi maana moja inavyoweza kumpotosha mtu njia; huyu ilimpotosha akafika alikokuwa akienda, ingawa kwa kuchelewa. Alihamia Dundee, akapata masomo katika chuo kikuu cha mji huo, na tangu mwaka wa 1897 akawa ripota.

Mwaka wa 1901 alivuka bahari kwenda Afrika Kusini, wakati vita baina ya Waingereza na Makaburu vilipokuwa havijamalizika. Mjini Johannesburg alifanya kazi katika gazeti la Rand Daily Mail, lililoanzishwa mwaka wa 1902 chini ya mhariri Edgar Wallace, yule ambaye baadaye alivuma kwa riwaya za upelelezi. Johannesburg ya siku hizo ilikuwa mji wa dhahabu. Hapo ndipo mwana wa duka la kijijini alipokaa karibu na utajiri mkubwa uliokuwa ukichimbwa ardhini na mikono ya Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa na mtu. Wasifu nyingi za Forbes huipita miaka hii kwa sentensi moja. Mimi naona ni hasara, kwa maana swali la nani ahesabiwe na nani aachwe lilikuwa tayari limo mjini humo. Ni ajabu ya historia kwamba toleo la jarida lake kwa ajili ya bara letu, lililoanza mwaka wa 2011, nalo lilianzishwa Johannesburg.

Mwaka wa 1904 alitua New York bila mwenyeji. Husemekana kwamba wahariri walipomkataa alijitolea kufanya kazi bila malipo hadi wauone ustadi wake, na gazeti la Journal of Commerce likamchukua. Alipopata kipato, alihamia katika hoteli ya Waldorf, mahali ambapo mabwanyenye wa Wall Street walikutana jioni. Wanahabari wenzake waliandika kuhusu bei za hisa. Yeye aliandika kuhusu watu. Aliwauliza walianzaje, walishindwa wapi, waliwatendeaje wafanyakazi wao. Mwaka wa 1911 alijiunga na magazeti ya William Randolph Hearst, na safu yake ikasomwa katika miji mingi.

Jarida lenyewe lilitoka tarehe 15 Septemba 1917, likiwa la kila wiki mbili, naye mwenziwe Walter Drey akishughulikia upande wa biashara. Forbes alitaka kuliita kwa jina jingine lakini hatimaye likachukua jina lake, na chini ya jina hilo ikaelezwa kwamba ni jarida la watendaji na matendo yao. Katika toleo la kwanza kabisa alimchambua George Gould, aliyerithi reli kutoka kwa babake Jay Gould, akamtoa kuwa mfano wa mtu aliyekalia kiti asichokiweza. Msomaji na aikumbuke makala hiyo, maana tutairudia. Kwa Forbes, mtajirika aliyejiinua mwenyewe alistahili heshima, ilhali mrithi alipaswa kuthibitisha kwamba anastahili.

Tarehe 2 Machi 1918 akachapisha orodha ya Wamarekani 30 waliokuwa na mali nyingi kupita wote. Hapakuwa na daftari lolote la umma la kuiandikia. Aliwahoji watu wa benki na wajuzi wa Wall Street, akakadiria. Wa kwanza alikuwa John D. Rockefeller wa mafuta, aliyekadiriwa kuwa na dola bilioni 1.2. Aliyemfuata, Henry Clay Frick, alikuwa na milioni 225 tu, na wa tatu akawa Andrew Carnegie, Mskoti mwenzake Forbes, kwa milioni 200. Wanahistoria wa baadaye wametilia shaka kama Rockefeller aliwahi kufikia bilioni moja. Lakini tarakimu ikishachapishwa, huwa vigumu kuifuta.

Kisa cha Carnegie ndicho kinachofichua udhaifu wa orodha hiyo. Mzee huyo alikuwa amekwisha kutoa sehemu kubwa ya ukwasi wake kwa maktaba, vyuo na taasisi nyingine, na alipofariki mwaka wa 1919 alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 350. Orodha ilihesabu alichobakiza mkononi. Alichotoa hakikuwa na safu yake. Katika Kiswahili chetu neno tajiri humtaja mwenye mali, na pia humtaja mwajiri, yule ambaye wengine hula jasho lao kwake. Orodha ya mwaka wa 1918 ilichukua maana ya kwanza ikaiacha ya pili, ijapokuwa Forbes mwenyewe, katika makala zake, aliijali sana ya pili.

Mwaka wa 1928 Hearst alitaka kulinunua jarida, Forbes akakataa. Mwaka uliofuata soko la hisa likaporomoka. Matangazo ya biashara yakapungua, washindani wapya, Business Week na Fortune, wakaingia, na mwasisi akalazimika kuliendesha jarida kwa fedha alizolipwa kwa safu zake za magazetini. Aliyeorodhesha mamilioni ya wengine alikuwa akihangaikia mishahara ya ofisi yake. Mwaka wa 1942 aliunda Investors League, chama cha kuwatetea wenye hisa ndogo ndogo.

Alifariki New York tarehe 6 Mei 1954. Jarida likaenda kwa wanawe: Bruce akashika biashara, Malcolm akashika uhariri. Bruce alipofariki mwaka wa 1964, Malcolm alinunua hisa za jamaa zake hadi kampuni ikawa yake. Huyu alikuwa mrithi wa aina ile ile ambayo babake aliitilia shaka katika toleo la kwanza, na kwa haki ni lazima tukiri kwamba kiti alikiweza. Alipenda baluni, pikipiki na mayai ya vito ya Fabergé, lakini pia ndiye aliyeifufua orodha mwaka wa 1982, safari hii ikiwa na Wamarekani 400, wa kwanza wao Daniel Ludwig, mwenye meli. Mwaka wa 1987 ikaongezwa orodha ya mabilionea wa dunia nzima. Malcolm alifariki mwaka wa 1990, na uongozi ukamwangukia mwanawe mkubwa, Steve, aliyewania urais wa Marekani mwaka wa 1996 na 2000 asifaulu. Mwaka wa 2014 familia iliuza sehemu kubwa ya kampuni kwa wawekezaji wa Hong Kong, ikabakiza hisa chache, na jina la mwana wa New Deer likaendelea kuchapwa juu ya jalada.